Walioenda Kunywa Chai

Kazi yangu pale ofisini ilikuwa ufagio, chai na simu. Ufagio kabla watu hawajafika, chai saa nne, na simu kutwa nzima, kwa sababu waandishi wa programu wana ugonjwa mmoja: simu ikilia wanatazamana kama nyoka kaingia chumbani. Basi mimi ndiye niliyekuwa naipokea.

Dada yangu ndiye aliyeniingiza pale. Ni dada wa tumbo moja, kanizidi miaka tisa, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Mimi niliishia shule ya msingi, yeye akaendelea mpaka nikadhani vitabu vitamwishia. Nyumbani binti yake ananiita mama mdogo, na ofisini jina hilo wakaliokota, hata wale wenye mvi. Mama Mdogo, chai. Mama Mdogo, simu. Sikuona vibaya.

Kwa miaka miwili walikuwa wanatengeneza kitu walichokiita Bega. Siku moja tulipokuwa nyumbani tunachambua maharage, nilimwuliza Dada hicho kitu ni nini hasa.

"Ukiletewa gunia zima la maharage, na wageni wanafika jioni, utafanyaje?" akaniuliza.

"Nitawaita majirani. Kila mtu na sinia lake."

"Haya, ndiyo Bega hiyo. Kuna hesabu kubwa kama gunia, kompyuta moja haiwezi. Bega inaigawa kwa kompyuta za watu wengine, mji huu na mji ule, wakati wenyewe hawazitumii. Kila moja inachambua sinia lake na kurudisha."

"Na jirani akikurudishia mawe?"

Akacheka, akanipiga begani na mkono wenye vumbi la maharage. "Ndiyo maana nipo mimi."

Kila mmoja pale ofisini alikuwa na kipande chake cha Bega, na kipande cha Dada kilikuwa mlangoni. Walikiita Mlinzi. Kompyuta yoyote iliyotaka kujiunga ilipaswa kwanza kuomba kibali kutoka kwetu, kisha kukionyesha kwa Mlinzi ndipo iingie. Na Mlinzi alikaa kila mahali, kwetu na kwao, kila kompyuta na wa kwake. Dada alimpenda Mlinzi kama mtu. Nilimsikia akimtaja usingizini.

Bega yenyewe haikuwa ya kuuzwa. Ilikuwa programu huria. Anayetaka anaichukua, anaifungua tumbo aone ndani, anarekebisha, anampa mwenzake. Aliyekuwa akiisubiri kuliko wote alikuwa mama mmoja mtaalamu wa maji, wa mji mwingine, ambaye sisi tulimwita Mama Mto. Yeye alitaka kujua mto ukifura utafika kwenye nyumba zipi. Kompyuta yake peke yake ingemaliza hesabu hiyo baada ya miezi saba, na mvua zilikuwa zimebakiza miwili.

Mkubwa wa ofisi alikuwa mhandisi mtu mzima, mpole, suruali yake siku zote ina mstari wa pasi. Wenzake walimwita Mzee Mapema, ingawa si mbele yake, na mwenyewe alijua. Ukutani aliweka saa kubwa ya duara, akaisogeza mbele dakika kumi ili watu wasichelewe kazini. Watu wakawa hawaitazami, wanatazama saa iliyo kwenye kompyuta. Naye hakubishana na mtu. Chini ya meza yake palikuwa na mashine kubwa ambayo kompyuta zote za ofisi huchukua saa kutoka kwayo. Akaisogeza nayo dakika kumi, akabandika juu karatasi: USIGUSE.

Hayo yalifanyika miaka minne kabla sijafika. Mgeni akija alishangaa siku mbili, wenyeji wakimcheka, "Karibu, sisi hapa tumekwisha fika, nyie bado mko njiani." Siku ya tatu naye alikuwa amezoea. Hata waliokuwa na saa ya kweli kwenye simu zao walitoa dakika kumi kichwani bila kujua wanatoa, kama mtu anavyoinamisha kichwa kwenye mlango mfupi wa kwao.

Mimi tu sikuzoea, maana kila siku mchana nilikwenda kumchukua binti wa Dada shuleni, na shule haikuwa na habari na Mzee Mapema. Nikifuata saa ya ukutani nilisimama getini dakika kumi juani. Kwa hiyo nilitoa kumi kila siku, na kila siku nilijua kwamba nimetoa.

Toleo la majaribio lilitoka Jumatano asubuhi. Si toleo lenyewe, Dada alinieleza, ni kama nguo iliyoshonwa kwa uzi wa muda: unampa mtu aivae, akikaa inapasuka wapi, akuambie. Walisimama wote nyuma ya kiti chake. Akabonyeza. Wakapiga makofi, nami nikagawa chai.

Chai haijapoa, simu ikalia.

"Nimekataliwa," ilisema sauti ya mwanamume, mwalimu wa chuo fulani. "Nimefuata maelekezo yenu yote. Nimeomba kibali, nimepewa. Nikibonyeza Ingia, naambiwa Umekataliwa. Kwa nini?"

Nilimgeukia Dada. "Anauliza kwa nini kakataliwa."

"Mlinzi hasemi kwa nini," alijibu Dada, na wala hakuwa na kiburi. "Mwizi akigonga mlango, humwelezi kwamba kufuli ndilo lililomshinda. Mwambie afuate hatua ya sita: ukikataliwa, omba kibali kipya, anza tena."

Nikamwambia. Baada ya dakika mbili akapiga tena. Amekataliwa tena.

Mpaka jioni simu zilikuwa kumi na saba. Dada alinipa daftari. "Kila anayepiga, andika ni nani, kapiga saa ngapi, na kasema nini. Usichague. Andika hata upuuzi."

Mimi nikiambiwa andika, naandika. Mwandiko wangu ni wa taratibu lakini unasomeka.

Wao walikaa kwenye kompyuta zao na kujaribu. Kutoka meza hii kwenda ile, Mlinzi alifungua mlango bila neno. Kutoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma, alifungua. "Kwangu inafanya kazi," alisema mmoja. "Hata kwangu," akasema mwingine. Sentensi hiyo niliisikia siku ile mara nyingi kuliko shikamoo.

Kilichowachanganya zaidi ni kwamba wachache walioko nje walikuwa wanaingia. Walipiga simu kulalamika, halafu baadaye wanapiga tena wakicheka: imekubali yenyewe, sijui nimefanya nini.

"Afadhali ingekataa wote," alisema Dada, mikono kichwani. "Ugonjwa unaokuja na kuondoka unaushika wapi?"

Palikuwa na kijana mmoja tuliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani na maneno marefu. Yeye naye alikuwa ameandika mlinzi wake, mwepesi zaidi, asiyeuliza mengi. "Shemeji," alimwambia Dada, maana alikuwa rafiki wa mumewe tangu utoto, "huyo wako ni mkali mno. Anakataa hata wenye nyumba."

"Wako anaruhusu hata mbuzi."

"Mbuzi angalau ameingia."

Watu wakacheka, na Dada alicheka pia, lakini nilimwona alivyokisukuma kikombe. Chai yake ilikuwa imejaa.

Alhamisi ikawa vile vile. Saa kumi jioni Mzee Mapema alisimama chini ya saa yake, akakohoa kidogo.

"Jamani, wenzetu wa vyuo vinne wamejitolea kompyuta zao na zimekaa bure siku mbili. Nimewaahidi jibu kesho saa sita kamili. Kama mpaka hapo Mama Mto hajaingia, tutaliondoa toleo. Tutakapolirudisha, mlangoni tutaweka mlinzi wa Profesa." Akamgeukia Dada, na sauti ikashuka. "Si kwamba kazi yako siioni, mwanangu. Ninaiona."

"Sawa, Mzee," alisema Dada.

Nyumbani binti yake alimwaga uji juu ya karatasi zake, na Dada hakumfokea. Alizitazama tu zikilowa. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Wakimtoa Mlinzi nitaacha," aliniambia tukitandika kitanda. "Kuna shule moja wanatafuta mtu wa kufundisha kuchapa kwa kompyuta. Miaka miwili, mdogo wangu. Kama sikuweza kuandika mlango ukafunguka, basi nina nini cha kuandika?"

Nilimkunjia shuka upande wake.

Ijumaa simu zilianza mapema. Mama Mto alipiga saa tatu, akapiga saa nne, akapiga saa tano. Ni mama mwenye adabu ya zamani, lazima akusalimie wewe, watoto na kazi kabla hajasema shida. "Nimekataliwa mara ya ishirini na mbili, mwanangu. Siinuki kitini. Kila nikikataliwa naomba kibali kipya papo hapo, kama mlivyoandika."

Nilimpa pole, nikaandika, kisha nikaingia jikoni kuosha vikombe. Daftari nililiegemeza kwenye birika lisilowe, nikawa nasoma huku naosha. Ndiyo tabia yangu, siwezi kuosha vyombo bila kutazama kitu. Na nilivyosoma mara ya pili, nikaacha kuosha.

Dada alikuwa amejificha humo humo jikoni, kakalia ndoo iliyogeuzwa, macho mekundu. Saa ya ukutani, kupitia mlangoni, ilionyesha saa tano na dakika arobaini na tano.

"Dada," nikasema, "usinicheke."

"Sina nguvu ya kucheka."

"Wanaoingia ni wavivu."

Akainua uso. "Nini?"

"Sikiliza. Mwalimu wa chuo, mara kumi na nne, anafuata maelekezo neno kwa neno, hajaingia. Mama Mto, ishirini na mbili, hainuki kitini, hajaingia. Sasa huyu binti wa kituo cha hali ya hewa: kakataliwa, kaenda kunywa chai, karudi kabonyeza Ingia, kaingia. Huyu baba mwenye sauti nzito: kakataliwa, fundi bomba akagonga mlango, wakaongea, karudi kabonyeza, kaingia. Huyu hapa kasinzia. Huyu mtoto wake alilia. Wote sita walioingia, hakuna hata mmoja aliyeomba kibali kipya. Walirudi na kile kile cha mwanzo."

"Kile kile kilichokataliwa?"

"Kile kile. Wenye bidii wote wako nje."

Dada alilichukua daftari. Alikuwa akisoma kwa kidole, kama tulivyokuwa tukisoma tukiwa wadogo. Kidole kikasimama.

"Hizi safu mbili za saa ni za nini?"

"Wengi wananitajia saa huku wanajaribu, simu sikioni. Hii ndiyo saa waliyosema wao, na hii ndiyo ya ukutani kwetu nilipokuwa naandika. Uliniambia niandike saa, sikujua unataka ipi. Nikaandika zote."

Saa nne na dakika tano. Saa nne na robo. Saa tano kasoro ishirini. Saa tano kasoro kumi. Ukurasa mzima, kutoka juu mpaka chini, dakika kumi, dakika kumi, dakika kumi.

Dada alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu alipojifungua.

"Kibali kinaandikwa saa ya kuanza," alisema, lakini alikuwa akizungumza na ndoo. "Tunakiandika kwa saa yetu. Kikifika kwao saa hiyo bado haijafika. Mlinzi wao anakitazama anaona kibali cha baadaye, anakataa. Sawa kabisa! Ana haki ya kukataa! Ukikaa dakika kumi kinakuwa halali. Ukiomba kipya…"

"Unasogezwa mbele tena."

"Hatua ya sita," alisema Dada, akajipiga kofi la paja. "Nimeiandika mwenyewe, kwa mkono wangu! Nimewafukuza mimi!"

Akatoka jikoni mbio, kandambili moja ikabaki. Nikamfuata na daftari na kandambili.

Mzee Mapema alikuwa mezani kwake, barua ya kuliondoa toleo iko tayari kwenye skrini. Wengine walikuwa wamemzunguka kama watu wa msibani. Dada alieleza kwa pumzi moja, nusu yake haikueleweka, lakini Profesa alielewa. Alivua miwani.

"Mama yangu," alisema. "Tumepima ndani ya nyumba, na nyumba nzima ina saa moja."

"Tumekuwa tukiicheka miaka yote," alisema mwingine. "Tunaicheka, na hakuna aliyeikumbuka."

Mzee aliinama. Aliitazama ile karatasi ya USIGUSE chini ya meza. Mimi nilijua alichokuwa akikifikiri, na nadhani wengine hawakujua, maana ni mimi niliyekuwa naipangusa ile saa. Asubuhi moja aliwahi kunieleza, bila mimi kumwuliza. Mkewe alikuwa hospitali, naye alikuwa njiani. Alipofika, muuguzi alimwambia amefariki, ni dakika kumi zilizopita. Alinieleza, akachukua chai yake, akaenda kukaa. Hatukulizungumza tena.

Juu ya vichwa vyetu mshale mkubwa ukafika juu kabisa.

"Saa sita," alisema Mzee, polepole. "Niliwaahidi watu saa sita kamili. Kubadilisha saa ya mashine, kuiwasha upya, kumpigia mama wa watu ajaribu… Nilitoa ahadi."

Kandambili ya Dada ilikuwa bado mkononi mwangu. Si kawaida yangu kusema mbele ya wakubwa wakiwa kwenye mambo yao, lakini ile ilikuwa hesabu ninayoifanya kila siku.

"Mzee, samahani," nikasema. "Hiyo ni saa sita yako. Kwao bado dakika kumi."

Profesa akaanza kucheka, akajaribu kukigeuza kikohozi. Mzee alinitazama, akaitazama saa, akanitazama tena. Kisha mtu mzima yule, na suruali yake ya mstari, akapiga magoti sakafuni, akaingia chini ya meza, na ile karatasi akaibandua mwenyewe.

"Nipeni saa ya dunia," alisema kutoka chini huko.

"Saa tano na dakika hamsini na moja, Mzee," nilisema.

Nilimpigia Mama Mto, huku wenzangu wakiwaandikia wale wa vyuo vinne wajaribu nao. Alianza na salamu, na mimi kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikatisha salamu za mkubwa. "Mama, omba kibali. Sasa hivi. Kisha bonyeza Ingia."

Simu niliiweka mezani, sauti juu. Tulisikia vidole vyake. Tulisikia jogoo wa huko kwake. Dada alikuwa amenishika kiwiko, anakibana.

"He!" alisema Mama Mto. "Nimeingia. Nimeingia, jamani. Nione… kompyuta moja, tatu… zinazidi kuja. Wanangu, zimekuwa thelathini na moja!"

Pale ofisini walirukaruka, Profesa akamkumbatia Dada mpaka miguu ikaacha sakafu. Mzee Mapema aliifuta ile barua, akaandika nyingine fupi, akaituma. Saa tano na dakika hamsini na nane, kwa saa ya dunia. Mlinzi akabaki, Dada akabaki naye.

Baadaye, watu walipokwenda kula, nilimkuta Mzee amesimama chini ya saa ya ukutani.

"Niishushe, Mzee? Niirekebishe?"

"Mashine zimepata saa ya watu," alisema. "Hii niachie, mwanangu."

Nikaipangusa, nikaiacha.

Jumatatu Dada aliniita mezani kwake. Alikuwa amebadilisha hatua ya sita, na ameamua Mlinzi sasa atasema sababu, mwizi asikie asisikie. Alikuwa amekwama kwenye sentensi.

"Mtu kasimama mlangoni, kibali chake hakijaanza, au saa yake imekwenda mrama. Utamwambiaje?"

Nilifikiri kidogo. "Nitamwambia: kibali chako ni kizuri, ila saa yake bado. Tazama saa yako. Kama iko sawa, usiombe kingine. Subiri kidogo, kanywe chai."

"Kanywe chai siwezi kuandika. Hiki ni chombo cha wataalamu."

"Basi acha."

Akaandika bila chai. Profesa, aliyekuwa ametusikia, akapita nyuma yake, akasoma, akasema bila hiyo chai haipitishi, atapiga kura dhidi yake. Mzee naye, kutoka kwenye kona yake, alisema hajasikia vizuri lakini anaunga mkono.

Toleo la pili la majaribio lilitoka na maneno yote. Simu hazilii tena kama zamani. Wakipiga siku hizi, wengi huuliza jambo moja tu, nami nawajibu kwamba ndiyo, ni kweli, ndiyo maelekezo, nendeni mkanywe.